Salamu Zinapita, Mzigo Haupiti

Nilikuwa nyumbani Ngara kwa likizo mwenzangu wa masomo aliponipigia simu. Katika wingu binafsi tunalolitumia kwa utafiti, mashine pepe mbili zilizo kwenye seva tofauti zilishindwa kupeana faili. “Lakini pingi inapita, kaka,” alisema. “Mtandao ni mzima.”

Pingi ni salamu. Kwenye Linux hubeba baiti 56 tu. Faili husafiri kwa pakiti za hadi baiti 1500, na ili zitoke seva moja kwenda nyingine, teknolojia ya VXLAN huzifunga kwenye bahasha inayoongeza baiti 50. Njia yetu ilikuwa na kikomo cha 1500. Nikamwomba atume pingi ya baiti 1472, isiyoruhusiwa kugawanywa. Ikapotea. Ya 1422 ikapita. Tukashusha kikomo cha mashine hadi 1450, faili likafika.

Kilichonisumbua ni ule ukimya. Tangu 1990 upo utaratibu kwamba ruta ikikataa pakiti kwa ukubwa wake, imjulishe mtumaji kipimo kinachoweza kupita. Kwetu, fayawoli ilikuwa ikizuia taarifa hizo kwa jina la usalama. Lori la kwenda Rusumo likizidisha uzito, dereva huambiwa pale pale kwenye mizani. Pakiti zetu zilitupwa tu, na mtumaji hakuambiwa kitu.

Je, mwenzangu alidanganya? Hapana. Alijibu kwa ukweli swali dogo, kisha akalitumia jibu hilo kwa swali kubwa. Nami nilikuwa nimefanya hivyo kwa miezi. Kila Jumapili nilipiga simu, mama akasema hawajambo, nikaridhika. Nilipofika nikakuta ng’ombe mmoja hayupo zizini. Aliuzwa kwa ajili ya matibabu ya baba.

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Nilianza mara mbili, mwanangu. Ukasema uko darasani.”

Na kweli nilikuwa darasani. Sidhani kama tunawajibika kupokea kila mzigo saa ile ile unapoletwa. Lakini anayekataa ana deni la kusema anaweza kupokea kiasi gani, na lini. Ningeweza kusema, “Nitakupigia usiku, unieleze yote.” Sikusema. Nilikata simu, na Jumapili iliyofuata nikauliza tena kama hawajambo.