Nani Asikizwe Penye Moto?

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee wetu. Wazee hao hao wakasema pia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wewe, msomaji, umeziandika methali hizo mbili katika daftari lako, pengine katika ukurasa mmoja, na hapana aliyekuuliza zawezaje kukaa nyumba moja bila kugombana. Siku za salama hazigombani. Kila moja hupewa siku yake, na mwandishi wa insha huchagua inayomfaa. Lakini kuna mahali ambapo ni lazima moja ishinde nyingine, na mahali pamojawapo ni ndani ya treni inayowaka moto. Abiria hawakuchaguana. Hawajuani hata majina. Njia za kutokea ni chache, na watu mia wanapaswa kukata shauri kwa muda usiotosha hata kusali. Je, wafanye baraza, au wamtii mmoja? Na kama ni mmoja, ni nani?

Nataka tuanze kulitazama swali hili mahali ambapo watu wazima wengi wasingelitafuta, yaani katika mchezo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao tangu hapo umeenea katika nchi nyingi na kuzaa mingine ya namna yake. Katika mchezo huo wachezaji hawashindani wao kwa wao. Watu wanne au watano huketi mezani, na kila mmoja hujifanya mtu wa hadithi: huyu mpiganaji, huyu mganga, huyu mchawi, huyu mwizi mwerevu wa kufungua makufuli. Pamoja nao huketi msimulizi. Yeye huwaeleza hatari iliyo mbele yao, nao humjibu jinsi watakavyotenda, kisha dadu yenye pande 20 huamua kama wamefaulu. Wako wanaoudharau wakisema ni upuuzi wa watu waliokosa kazi. Mimi sioni tofauti kubwa kati yake na ngano za sungura na fisi tulizosimuliwa jikoni, ila kwamba hapa sungura mwenyewe huulizwa: sasa utafanya nini?

Tuseme basi kwamba msimulizi amelitia kundi lake ndani ya treni, usiku, katika handaki lililotobolewa mlimani, na behewa la mwisho limeshika moto. Mpiganaji ataka wakimbilie mbele, naye atavunja kila mlango kwa bega lake. Mchawi amuunga mkono. Mwizi asema afadhali afungue kiungo cha mabehewa, ili lile linalowaka liachwe nyuma. Mganga asimama na kusema kwamba ndani ya behewa hilo amesikia sauti ya mtoto. Yuko na mchezaji wa tano, kijana mgeni mwenye haya, aliyejifanya kibete mchimba migodi. Mpaka sasa hajasema neno. Zamu yake inapofika, kwa kuwa sheria humpa zamu hata asiyeitaka, amwuliza msimulizi: "Handaki hili, kwa mbele, lapanda au lashuka?" Lapanda, ajibiwa. "Basi mbele ndiko kwenye kifo," asema, "maana moshi hupanda." Meza nzima yanyamaza, na shauri lageuka.

Angalia kilichowageuza. Upanga haukusaidia kitu, wala uchawi. Yule mwenye haya alipewa zamu. Na wenzake walijua tangu mwanzo, kwa kuwa imeandikwa katika karatasi yake, kwamba yeye ni mtu wa migodini. Mabaraza mengi ya watu wazima, hata yenye viti vizuri, hukosa kimoja au vyote katika vitu hivyo viwili.

Huenda ukasema kwamba mchezo huo wadanganya, nami nakubali. Katika kanuni zake za siku hizi mzunguko mmoja wa zamu huhesabiwa kuwa sekunde 6, lakini wachezaji waweza kubishana juu ya sekunde hizo 6 mpaka chai ikapoa. Moto wa mezani una adabu. Huwangoja wenyewe wamalize maneno yao. Tena aliyekufa huchukua karatasi nyingine akaanza maisha mapya. Tuuache basi moto huo wa adabu, tuutazame wa kweli.

Tarehe 11 Novemba 2000, treni iliyokuwa ikiwapandisha watu kwenda kwenye theluji ya mlima Kitzsteinhorn, karibu na Kaprun nchini Austria, ilishika moto ndani ya handaki. Ilikuwa treni ya kuvutwa kwa kamba ya chuma katika mteremko mkali. Katika chumba cha dereva cha upande wa chini, ambacho hakikuwa na mtu, kulikuwa na kipasha joto cha umeme. Mafuta ya mitambo yalivuja, yakakifikia, yakawaka. Treni ikasimama gizani. Milango haikufunguka mara moja, na baadhi ya abiria walivunja madirisha kwa vyombo vyao vya kutelezea kwenye theluji. Moto ulikuwa chini yao, na miguu ya wengi iliwapeleka juu, mbali na moto, kama ambavyo miguu yangu na yako ingetupeleka. Lakini miongoni mwa waliokuwa nyuma alikuwamo mtu aliyekuwa mzimamoto wa kujitolea kwa miaka mingi. Yeye aliwahimiza watu washuke, wapite kando ya moto wenyewe. Waliotoka hai katika treni hiyo walikuwa 12, nao ni wale walioshuka. Handaki lilikuwa limegeuka dohani: hewa iliingia kwa chini ikachochea moto, na moshi wa sumu ukapanda kwa mbio zisizoshindika. Jumla ya waliokufa siku hiyo, pamoja na wengine waliokuwa sehemu za juu, ni watu 155.

Sasa tazama mji wa Daegu, Korea Kusini, tarehe 18 Februari 2003. Mtu mmoja aliwasha mafuta ndani ya treni ya chini ya ardhi katika stesheni ya Jungangno. Treni ya pili ikaja kutoka upande mwingine, ikasimama kando ya ile iliyowaka, na moto ukaidaka. Abiria walitangaziwa wakae, watulie. Nao, kama watu waliofunzwa adabu, wengi walikaa, ingawa moshi ulikuwa ukiingia. Baadhi yao waliwapigia simu jamaa zao. Dereva alikuwa akizungumza na wakuu wake waliokuwa mbali, na umeme ukakatika. Mwisho alipotoka, alichomoa ufunguo wake, na milango ya mabehewa mengi ikabaki imefungwa. Walikufa watu 192, na walio wengi walikuwa katika hiyo treni ya pili, ambayo hakuna aliyekuwa ameitia moto.

Iweke mikasa hii miwili pamoja, utaona kwamba mafunzo mepesi tuliyozoea hayasimami. Ukisema, "Mtii aliye na amri," Daegu inakukanusha. Ukisema, "Fuata macho yako mwenyewe," Kaprun inakukanusha, maana kule macho yaliona moto chini na kunyamaza juu ya moshi. Ukisema, "Wafuate walio wengi," hapo nakuacha uhesabu mwenyewe: wengi walipanda, wachache walishuka.

Mimi naona kwamba cheo ni mkopo. Twamtii nahodha kwa sababu kwa kawaida yeye yuko juu ambako mwamba huonekana, nasi tuko chini ambako hauonekani. Siku ambayo walio chini ndio wanaoona maji yakiingia, na nahodha hayaoni, mkopo umefika mwisho wake, hata kama kofia ingali kichwani. Pale Daegu waliokuwa na amri walikuwa mbali na moshi. Pale Kaprun aliyestahili kusikizwa hakuwa na kofia, wala kipaza sauti, wala mtu aliyemteua. Alikuwa abiria kama wengine, ila aliujua moto.

Lakini abiria atamtambuaje mtu huyo gizani? Hili ndilo jambo gumu, wala sitaki kulirembesha. Katika hofu, mwenye sauti kubwa aghalabu ndiye ajuaye kidogo, na mtu mwenye pupa hufanana sana na shujaa kwa dakika moja ya kwanza. Hapo hapana karatasi ya kusomwa kama ile ya mezani. Liko swali la neno moja tu, nalo halihitaji hata sekunde 6: Umejuaje? Mwenye kujua atakuwa na jibu, hata liwe fupi: "Nimezima moto miaka mingi." Mwenye cheo kitupu atakasirika kwa kuulizwa. Sisemi kwamba swali hilo litaokoa kila mara. Moshi haungojei jibu zuri.

Na kwa upande wa anayejua, jukumu ni zito zaidi. Yule kibete wa mezani alipewa zamu na sheria. Mzimamoto wa Kaprun hakupewa zamu na mtu. Ilimbidi aitwae, tena kusema neno ambalo kila aliyelisikia angeweza kulidhani la mwendawazimu: nendeni kwenye moto. Sisi tumelelewa kungoja tuulizwe, na kati ya mdogo na mkubwa malezi hayo ni mazuri. Nani hajawahi kuona darasani mwanafunzi ajuaye jibu akiinamisha kichwa, huku asiyejua akinyosha mkono mpaka dari? Darasani hasara yake ni alama moja.

Limebaki neno la mganga, ambalo wengi mtakuwa mmelisahau, kama wenzake walivyolisahau mara tu aliposema kibete. Ndani ya behewa linalowaka kuna sauti ya mtoto. Wako watakaofanya hesabu: maisha ya watano kwa ya mmoja, na tena haijulikani kama mtoto yu hai. Hesabu hiyo si ya kuchekwa. Mganga akiangamia, nani atawatibu wengine? Lakini njia ya kushuka yapita kando ya behewa hilo hilo, kwa hiyo wote watano watapita mbele ya dirisha lake, na hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba hakusikia. Mpiganaji ana mkono wa kuvunja kioo. Mwizi ana kamba. Moshi, asema msimulizi, umewaachia zamu mbili. Mganga ameishika dadu, lakini kabla ya kuitupa awatazama wenzake mmoja mmoja, maana akiingia atahitaji mtu wa kumshikia ncha ya kamba.