Kuona ni Kazi ya Nani?

Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimwandikia mwanafalsafa John Locke akiuliza iwapo kipofu wa kuzaliwa, akipata kuona, angetofautisha kwa macho pekee tufe na mchemraba alivyovijua kwa kupapasa. Swali hilo lina uzito mpya mbele ya ambliopia, yaani uoni hafifu wa jicho ambalo mara nyingi lenyewe ni zima, ila ubongo umezoea kulipuuza tangu utotoni. Luminopia, tiba ya kidijitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, humwonyesha mtoto filamu kwa miwani ya uhalisia pepe, ikififisha picha ya jicho lenye nguvu ili ubongo ulazimike kuunganisha zote mbili. Kinachofunzwa hapo ni ubongo kuliko jicho, na anayeshikilia kwamba kuona ni kupokea nuru tu atapata tabu kulieleza hilo.