HICHO UNACHOSIKILIZA KINAKUPELEKA WAPI?

Kijana mwenzangu, simama kidogo! Najua umepewa karatasi hii njiani na tayari unatafuta pa kuitupa. Usiitupe bado. Sikuandika ili nikuambie uvunje redio yako. Chomoa tu hedifoni upande mmoja, tuzungumze.

Swali langu ni moja: Huyo mwimbaji unayempenda tangu utotoni, amekufanya kuwa mtu gani?

Usijibu haraka. Wengi husema, "Aa, muziki ni burudani tu." Si kweli! Hebu tupige hesabu. Tuseme unasikiliza muziki saa 2 tu kwa siku. Kwa mwaka ni saa 730. Ukianza na miaka 12 mpaka ufikie 32, ni saa 14,600. Fundi wa gereji anayefanya kazi saa 8 kwa siku, saa hizo kwake ni siku 1,825, yaani miaka 5 bila kupumzika hata Jumapili. Miaka 5! Mtu hakai gereji miaka 5 akatoka hivi hivi. Ama atatoka fundi, ama atatoka kidole kimekatika. Na wewe uliyekaa muda huo na muziki, umetoka na nini?

1. SHABIKI ALIYEGEUKA MWANAFUNZI

Bob Marley unamfahamu. Picha yake iko kwenye fulana, kwenye daladala, kwenye ukuta wa kinyozi. Lakini je, wajua kwamba kabla watu hawajamshabikia, yeye mwenyewe alikuwa shabiki?

Alizaliwa mwaka 1945 kijijini huko Jamaika, baadaye akahamia na mama yake mjini Kingston, mtaa wa watu maskini uitwao Trenchtown. Akatafutiwa kazi ya kujifunza kuchomelea vyuma. Mikono ilikuwa kwenye vyuma, moyo ulikuwa redioni. Redio za Marekani zilisikika mpaka kisiwani kwao, na yeye na wenzake, Bunny na Peter, walilipenda sana kundi moja la Chicago lililoitwa The Impressions, la akina Curtis Mayfield. Walipenda jinsi sauti za watu wale zilivyoshikana kama vidole vya mkono mmoja.

Sasa angalia walichofanya. Hawakuishia kusema, "Jamaa hawa wakali!" Walimwendea Joe Higgs, mwimbaji wa mtaani kwao, aliyekuwa akifundisha vijana uani kwake bila ada. Wakarudia na kurudia mpaka sauti zikakaa. Mwaka 1964 wimbo wao "Simmer Down" ukavuma Jamaika nzima. Na ule wimbo wa "One Love" uliotoka kwenye albamu ya mwaka 1977, ndani yake kuna kipande kilichotoka kwa Mayfield, na majina yao wawili yameandikwa pamoja kuwa ndio watunzi. Unaona? Shabiki akaandikwa mstari mmoja na yule aliyemshabikia!

Sasa sisi tunaompenda Bob, tumechukua nini kwake? Wengi tumechukua nywele, kofia ya rangi tatu, na wengine bangi. Ndugu yangu, nywele huota zenyewe. Nani amechukua yale mazoezi ya uani?

2. KAUNTA BUKU NA KOPO LA MAMA

Nisiseme ya watu tu, nikajificha. Mimi nimeishia darasa la saba, na muziki una mkono wake katika hilo.

Nilipokuwa mdogo nyumbani palikuwa na redio kaseti ya kaka. Betri zikiisha nguvu tunazianika juani. Kanda nairudisha nyuma kwa kalamu ya Biki ili betri zisiliwe. Nami nilikuwa na kaunta buku ya nyimbo. Nasimamisha kanda, naandika mstari, narudisha, nasikiliza tena, nafuta neno nililokosea. Nilijaza kaunta buku 3. Shuleni sijawahi kulisikiliza neno kwa bidii namna ile. Hata leo nikisimama mbele za watu, au nikikaa kuandika kama hivi, najua wapi pa kukata sentensi. Nusu nilifundishwa na chuo cha Biblia, nusu nilifundishwa na zile kaunta buku. Hiyo ni faida na siifichi.

Lakini sikia na upande wa pili.

Nilichaguliwa kwenda sekondari. Mama alikuwa anauza maandazi, na hela ya sare na michango aliiweka kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga. Wiki zile zile yule msanii niliyempenda akatangazwa kuja mjini. Nikachukua hela ya nauli na kiingilio, nikajiambia nitairudisha. Kufika kule nikaona fulana yenye picha yake, nikanunua. Wenzangu nao nikawanunulia soda, si unajua tena? Nilirudi alfajiri sina sauti na sina senti.

Mama alipolifungua kopo hakupiga kelele. Alilitingisha, akaliweka chini, akaenda kukanda unga wake. Mwaka ule sikwenda shule, wala uliofuata.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule msanii. Fulana yake nikaichana ikawa tambara la kudekia. Lakini yule mtu hakuniomba hela. Hakujua hata kama nipo duniani. Aliimba vizuri, akalipwa, akaenda kulala. Mwizi nilikuwa mimi.

Kumbe masikio yale yale yaliyonifundisha kuandika ndiyo yaliyonifanya niibe! Basi tatizo si masikio. Ni nini?

3. SHABIKI ALIYEGEUKA MDAI

Jibu nimelipata katika habari ya kusikitisha. Marekani palikuwa na kijana aitwaye Mark Chapman. Ujanani aliwapenda sana Beatles, kundi la Waingereza, na John Lennon akiwa mmoja wao. Baadaye Chapman akaokoka, na akawa anagawa vijikaratasi vya Biblia kwa watu. Ndiyo, kama hiki ulichoshika! Naandika hili kwa kutetemeka, maana na mimi ni mgawaji.

Lakini chuki ikaingia. Akakumbuka kwamba Lennon, katika mahojiano ya mwaka 1966, alisema Beatles ni maarufu kuliko Yesu. Akaona tena kwamba Lennon anaimba habari za dunia isiyo na mali huku mwenyewe ni tajiri. Akajiona amedanganywa. Tarehe 8 Desemba 1980, huko New York, mchana alimsubiri Lennon nje ya nyumba yake akiwa na sahani ya santuri mpya. Lennon akamwandikia jina lake juu yake. Usiku wa siku hiyo hiyo, Chapman akampiga risasi akafa. Lennon alikuwa na miaka 40. Mwaka uliofuata Chapman alihukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi maisha, na maombi yake ya kuachiliwa yamekataliwa zaidi ya mara 10. Yeye mwenyewe amekiri mbele ya waliomhoji kwamba alitaka awe mtu maarufu.

Fikiri, kijana! Kutoka saini mpaka risasi ni saa chache tu. Huyu hakuwa adui wa muziki. Alikuwa shabiki aliyeanza kudai. Alimkalisha binadamu kwenye kiti kisicho cha binadamu, na alipomwona anakosea kama binadamu, akamwita msaliti.

Na usiniambie kwamba tayari alikuwa ameokoka. Mtu anaweza kubadilisha maneno ya mdomoni, lakini kiti cha moyoni bado kimekaliwa na mtu yule yule.

4. JAMBO HILI SI LA LEO

Fungua kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16 na ya 18. Mfalme Sauli alikuwa anasumbuliwa rohoni. Wakamletea kijana mchunga kondoo, Daudi, fundi wa kinubi. Daudi akipiga, Sauli anapata nafuu. Sauli akampenda mno, akamfanya mbeba silaha wake. Huyo ni shabiki namba moja!

Kisha wanawake wakaimba mitaani wakimsifu Daudi kuliko mfalme. Tangu siku hiyo Sauli akamwangalia kwa jicho baya. Siku iliyofuata Daudi anapiga kinubi kama kawaida, na Sauli ana mkuki mkononi. Akaurusha! Kinubi ni kile kile, vidole ni vile vile, na nyimbo zilizomponya jana zinapigwa leo, lakini mkono wa msikilizaji una mkuki.

Sauli alitaka Daudi ampigie yeye na awe wa kwake. Alipoona Daudi ana njia yake, upendo ukageuka.

Na waimbaji wana njia zao. Ukipita Dar es Salaam utasikia makondakta wakiita, "Sinza kwa Remmy!" Ni kwa sababu ya Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, aliyekuja Dar mwaka 1978 akatikisa kumbi na Super Matimila. Miaka yake ya mwisho, baada ya kuugua kiharusi, aliokoka, akaacha dansi, akaimba nyimbo za injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Sasa shabiki wake wa ukumbini afanyeje? Akasirike? Mtu si mti, ndugu yangu. Mtu hutembea. Ukimfanya mwimbaji ndiye mwisho wa safari yako, siku akipanda gari lingine wewe utabaki stendi.

5. JIPIME MWENYEWE

Leo usiku, kabla hujalala, jiulize maswali haya. Jibu kweli, hakuna anayekuona.

Kwanza: Kwa sababu ya muziki ninaoupenda, kuna kitu chochote ninachoweza kukifanya leo ambacho mwaka jana sikukiweza? Kupiga gitaa, kutengeneza spika, kushona nguo za jukwaani, kuandika, kuelewa lugha ya watu wengine? Kama kipo, wewe ni mwanafunzi. Endelea! Tafuta uani kwa Higgs wako. Yupo mtaani kwenu, mzee mmoja mwenye gitaa bovu ambaye hakuna kijana anayemsalimia.

Pili: Nani analipa kiingilio changu? Usitazame mfuko wako peke yake. Tazama na kopo la mama. Tazama bando unalonunua wakati mdogo wako hana daftari.

Tatu: Mwimbaji wangu akikosea, akinyamaza au akibadilika, mimi nitabaki na nini? Kama utabaki mtupu, basi amekaa kwenye kiti kisicho chake. Mwondoe kwa heshima. Hakukuomba umweke pale. Kiti hicho ni cha Mungu peke yake, na mwingine akikikalia mtaumia wote wawili.

Mimi bado nasikiliza muziki. Bado nikisikia sauti nzuri natafuta kalamu. Ila mama yangu amezeeka sasa, na lile kopo bado analo. Anawekea chumvi. Kila nikienda kumsalimia naliona pale jikoni, wala hajawahi kunitajia. Nilimwomba msamaha nikiwa mtu mzima. Akasema, "Nilishasahau, baba. Kaa ule."

Hakusahau. Alisamehe. Na hilo hakuna kanda iliyonifundisha.

Wewe bado unazo saa zako. Usiseme umechelewa. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe, mpe mwenzako mnayesikiliza naye.