Swali la Yesu Baada ya Kofi



Mpendwa kijana mwenzangu, fungua Biblia yako kwenye Injili ya Yohane, sura ya 18, aya ya 19 hadi 23. Ni usiku ule wa mateso. Yesu amefungwa, amesimama mbele ya Anasi, anahojiwa kuhusu wafuasi wake na mafundisho yake. Anajibu bila kuficha kitu: amefundisha hadharani, basi waulizwe waliomsikia. Hapo mtumishi mmoja aliyesimama karibu anamzaba kofi.

Hebu tusimame kidogo. Huyu ni Yesu yuleyule aliyefundisha mlimani kwamba ukipigwa shavu moja, umgeuzie mwenzako na la pili (Mt 5:39). Ungetegemea anyamaze. Hakunyamaza. Ungeogopa kwamba atarudisha. Hakurudisha. Alimtaka yule mtu aonyeshe kosa liko wapi, na kama kosa halipo, aeleze kofi lile ni la nini.

Swali hilo ndilo tafakari yetu ya leo, na nitakuambia kwa nini.

Juzi nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa miaka 13. Familia yake ilitoka Kivu, Kongo, ikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako tulifahamiana nilipokuwa kwenye uchungaji wa likizo. Sasa wako Marekani, na yeye yuko darasa la saba. Darasani kwao kuna mvulana ambaye kila akimwona binti huyu anapita, anatoa sauti za nyani. Akijibu swali la mwalimu, wapo wanaoiga Kiingereza chake. Ameshaambiwa arudi kwao Afrika. Wengine, ambao wala si watoto wabaya, wanacheka tu.

Alimalizia hivi: “Frateri, nikimpiga nitakuwa nimetenda dhambi. Nikinyamaza, kila asubuhi tumbo linaniuma na sitaki kwenda shule. Sasa Mungu anataka nifanye nini?”

Swali la mtoto, lakini wangapi kati yetu watu wazima tunaweza kulijibu?

Tuiite dhambi kwa jina lake

Kwanza, anachofanyiwa binti huyu si “utani wa watoto.” Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa 1:27), na anayemfananisha na mnyama kwa sababu ya ngozi yake anamtukana pia Yeye aliyemwumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulikataa ubaguzi wowote wa watu kwa sababu ya asili au rangi yao, kwamba ni kinyume cha mawazo ya Kristo. Katekisimu, namba 1935, inafundisha kwamba ubaguzi wa aina hiyo hauendani na mpango wa Mungu na lazima ukomeshwe. Tena Kanisa halisemi uvumiliwe mpaka uchoke wenyewe. Ukomeshwe.

Wapo wanaosema ubaguzi ni ujinga tu, mtu akisoma utaisha. Ningependa iwe hivyo. Lakini nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na Immanuel Kant, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba vitu vina bei lakini mtu ana hadhi isiyo na bei. Fundisho zuri sana. Kant huyohuyo aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi, ndugu yangu. Hii ni dhambi, na dhambi inahitaji toba.

Kugeuza shavu si kukosa sauti

Sasa turudi kwenye kofi. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona jambo hili. Katika Summa Theologiae anauliza kama Mkristo anapaswa kuvumilia matusi. Anajibu kwamba moyo wetu uwe tayari daima kuvumilia, pale inapofaa. Lakini kuna wakati inatupasa kulipinga tusi, hasa kwa sababu mbili: kwa faida ya anayetukana, ili ujeuri wake uzuiwe asizoee ubaya, na kwa faida ya wengine wanaoumizwa na jambo lile. Na mfano anaoutoa ni Yesu huyu huyu, aliyepigwa kofi akauliza sababu.

Umeona hapo? Kusema kwako si kwa ajili yako tu. Unamsemea mtoto mwingine wa Kikongo au wa Kirundi atakayeingia darasa lile mwakani. Na usishangae nikisema, unamsemea hata yule mvulana, kwa sababu hakuna aliyempenda kiasi cha kumwambia ukweli.

Thoma anafundisha pia kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili kuliko kushambulia. Watu wengi hudhani jasiri ni yule mwenye ngumi nzito. Lakini ngumi inaweza kutoka kwa hasira ya dakika moja. Kusimama palepale ukitetemeka, ukamwangalia mtu machoni, ukamwuliza “nimekukosea nini?” bila kumtukana, hiyo inataka nguvu ya Roho Mtakatifu. Ndiyo nguvu tunayoombewa siku ya Kipaimara.

Usiku huohuo, uani

Kuna mtu mwingine usiku ule. Petro yuko uani, na Mathayo anatuambia watu walimtambua kwa namna yake ya kusema (Mt 26:73). Lafudhi ya Galilaya! Jambo lilelile wanalochekewa watoto wetu. Petro akaogopa, akamkana Bwana wake.

Ubaguzi hufanya kazi hivyo. Unaanza kwa kukufanya uonee aibu ulimi wako, kisha unakufanya uwakane wako. Mtoto anaanza kumwambia mama yake, “Ukija kunichukua shuleni usiniongeleshe Kiswahili.” Anaficha chakula cha nyumbani. Anabadilisha jina. Mdogo wangu, wacheke lafudhi yako wakitaka, ila wewe usimkane mama yako. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao (Mdo 2:6-11). Roho Mtakatifu hakuwadai kwanza waongee lugha moja.

Mtoto aliyefukuzwa shule ya Kanisa

Nikupe mfano wa mtu. Augustus Tolton alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1854. Mwaka 1862 mama yake, Martha, alitoroka na watoto wake watatu, wakavuka mto Mississippi hadi mji wa Quincy, Illinois. Wakimbizi kabisa. Augustus alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku akiwa bado mtoto. Alipopelekwa shule ya parokia, wazazi wazungu, Wakatoliki wenzake, walitishia, naye akaondolewa.

Ndiyo, Wakatoliki. Tusiifiche aibu hii.

Lakini padre mwingine mjini hapo, Peter McGirr, mhamiaji kutoka Ireland, alimpokea katika shule ya parokia yake, na kelele zilipopigwa hakurudi nyuma. Kijana alipotaka upadre, seminari za Marekani zilimkataa. Akaenda kusoma Roma, akapewa daraja la upadre tarehe 24 Aprili 1886. Alidhani atatumwa Afrika, kumbe akarudishwa Quincy, mji uleule uliomfukuza. Huko alipendwa na wengi, weusi na weupe, na alipingwa pia, hata na padre mwenzake. Baadaye alihamia Chicago, akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 43 tu. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa, hatua mojawapo katika njia ya kuelekea kutangazwa mwenyeheri.

Angalia kitu kimoja katika maisha haya. Augustus hakuwa jasiri peke yake. Nyuma yake alikuwepo mama aliyevuka mto, na padre aliyekubali kuchukiwa kwa ajili ya mtoto wa mwingine.

Basi tufanye nini?

Nilimjibu binti yule hivi, nawe ukiyahitaji yachukue.

Sema ukweli kwa kifupi. “Usiniite hivyo. Nimekukosea nini?” Usiongeze tusi. Akiendelea, ondoka ukiwa umenyoosha mgongo.

Usilibebe peke yako. Mwambie mzazi, mwalimu, padre, katekista. Andika tarehe, maneno na walioshuhudia. Kushtaki uonevu si umbea, ni haki. Na kwa walio Marekani: Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuomba mkalimani. Kwa hiyo mama asiogope kwenda. Kiswahili chake kina haki ya kusikilizwa mle ofisini.

Sali, na umtaje yule mvulana kwa jina. Si lazima umpende kwa hisia leo. Umwombee tu, ili chuki yake isihamie kwako.

Alifanya hivyo. Alimwuliza mbele ya wenzake, na yule mvulana hakuwa na jibu. Hakuomba msamaha pia, nisikudanganye. Lakini msichana mmoja kati ya wale waliokuwa wanacheka alikuja kukaa naye wakati wa chakula. Na mama yake amekwenda shuleni, na mkalimani.

Nawe unayesoma ukiwa Kigoma, Nairobi au Bujumbura, usidhani haya ni ya Wazungu tu. Darasani kwetu “mkimbizi” si limekuwa tusi? Mtoto wa Kirundi akikosea neno la Kiswahili, nani anacheka? Mungu aliwaambia Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, wakikumbuka kwamba nao walikuwa wageni Misri (Law 19:33-34). Ukicheka pamoja na wanaocheka, jiulize ungekuwa wapi usiku ule mbele ya Anasi. Wapo waliokuwepo pale wakatazama tu.

Tusali. Bwana Yesu, uliyepigwa kofi bila kosa, uwape watoto wetu walio ugenini ulimi usioogopa na moyo usiochukia. Utuponye na dharau tuliyoificha ndani yetu. Utufanye tuwe watu wa kwenda kukaa kando ya anayechekwa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.