Kutaka Chakula cha Namna Mbalimbali, ni Kosa?

Napenda, ndugu msomaji, nikueleze suala nililoletewa msikitini, ambalo mara ya kwanza niliona ni dogo, nikataka kulijibu kwa maneno mawili na kwenda zangu nyumbani.

Kijana mmoja wa Mbagala alinifuata baada ya sala ya Isha akaniambia, "Sheikh, nyumbani kwangu pameingia ugomvi wa chakula." Yeye na mkewe hutoka alfajiri. Mume anafanya kazi bandarini, mke anauza duka Kariakoo, na kurudi kwao ni baada ya Magharibi, kwa hali ya Barabara ya Kilwa mnayoijua. Basi chakula cha usiku kimekuwa kile kile: leo wali na maharage aliyoyanunua njiani yamekwisha chemshwa, kesho ugali na mchicha, keshokutwa wali na maharage. Usiku mmoja mume akafunua sahani akasema, "Haya, maharage yamerudi." Mke hakujibu neno. Wiki iliyofuata akaagiza kwa simu kwa mwanamke mmoja wa Chang'ombe anayeuza vifurushi vya mapishi, na bodaboda akaleta mfuko. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kuku vilivyopimwa, mchele, karoti na pilipili hoho zilizokatwa tayari, viungo katika vikaratasi, tui ndani ya chupa, na karatasi iliyoandikwa namna ya kupika, hatua baada ya hatua. Juu ya mfuko imeandikwa: watu wanne.

Mama wa kijana, ambaye anakaa nao, aliona karatasi ile imebandikwa ukutani karibu na jiko, akasema, "Siku hizi mke anafundishwa kupika na karatasi, kama mtoto wa chuo na juzuu!" Akaongeza kuwa huo ni uvivu na ni israfu. Mke akalia. Kijana akaja kwangu anataka hukumu: nani mwenye makosa, mama au mke?

Tazama, msomaji, jinsi alivyouliza. Yeye mwenyewe hakujiweka katika hesabu.

Kwanza tuangalie hilo la kutaka chakula cha namna mbalimbali. Wako watu wema wanaodhani kwamba mcha Mungu hapaswi kujali anakula nini, na wanatoa ushahidi wa Bani Israili. Hao, kama ilivyosimuliwa katika Sura ya Al-Baqara, walikuwa jangwani wakiruzukiwa mana na salwa, kisha wakamwambia Nabii Musa (A.S.) kuwa hawawezi kuvumilia chakula cha namna moja, wakataka mboga za ardhi, matango, thumu, dengu na vitunguu. Wakakemewa kwa kubadili kilicho bora kwa kilicho duni. Lakini isome kisa hicho kwa uangalifu. Kitunguu si haramu, wala tango, na dengu tunazila sote. Makosa yao yalikuwa katika roho waliyoombea, ya kuidharau neema iliyokuwa mkononi mwao na kumsemesha Nabii wao kana kwamba ni mtumishi wa jikoni.

Ama Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akila alichopata, na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa ulipita mwezi baada ya mwezi bila moto kuwashwa nyumbani kwao, chakula chao kikiwa tende na maji. Juu ya hayo, kilipopatikana kizuri hakukikataa. Alipenda kitu kitamu na asali. Anas (R.A.) alimwona akifuata vipande vya mumunye pembeni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas naye akalipenda mumunye. Ilipokelewa pia kuwa alikula tango pamoja na tende mbivu. Huko ni kuchanganya vyakula viwili ili kimoja kikisaidie kingine, na mpishi yeyote wa pwani anakuelewa ukimwambia habari hiyo. Kwa hivyo kutamani ladha mpya si dhambi, wala anayeitafuta kwa halali hajatoka katika uchamungu.

Sasa narudi kwa yule aliyejisahau. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba Mtume hakupata kukitia chakula ila hata mara moja, akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Hadithi hiyo ni fupi na watoto wa chuo huihifadhi kwa siku moja. Mimi nimeifundisha miaka mingi, na naogopa kuisema bila kueleza jambo langu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1984, katika zile shida zilizofuata vita vya Uganda, bidhaa zimeadimika na watu wanapanga foleni kwa sabuni, sukari na unga. Wengi wenu mnaukumbuka unga wa mahindi ya njano, tuliouita unga wa Yanga. Nilikuwa mwalimu kijana Temeke, naishi kwa senti za Alhamisi walizoleta watoto, na nimeoa karibuni. Siku moja nimerudi adhuhuri, nimewekewa ugali wa Yanga na tembele lisilo na nazi, kwa siku ya nne. Nikaisukuma sahani kwa vidole viwili nikasema, "Leo tena?" Mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa amesimama foleni ya unga ule tangu alfajiri. Hakusema kitu. Alivuta sahani yake akala, nami nikamtazama anavyokula.

Siku ya pili zamu ya darasa ikaangukia hadithi hiyo ya Abu Huraira. Nikaisoma kwa Kiarabu vizuri, nilipofika kwenye tafsiri ulimi ukanikwama mbele ya watoto. Jioni nikamwomba radhi. Akacheka akasema hakumbuki. Nadhani alikumbuka.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana: mwanangu, kifurushi hicho hakikuanza Chang'ombe, kilianza siku uliyosema maharage yamerudi.

Lipo na la sheria, na hapa naomba wanaume wasikilize. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaji cha Imam Nawawi kimesomwa katika vyuo vyetu kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa nafaka za mke mtakuta kwamba mume analazimika kumpa nafaka, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, gharama ya kuisaga na kuioka ni juu yake yeye. Kisha analazimika kutoa kitoweo, kwa kadiri ya kinachotumika katika mji, na kitoweo hicho hubadilika kwa misimu. Hata kama mwanamke amezoea kula mkate mtupu, haki ya kitoweo haimwondokei. Wanavyuoni hao waliandika zaidi ya miaka mia saba iliyopita, wakaona kwamba mtu hawezi kulishwa kitu kimoja mwaka mzima, na mzigo wa kubadilisha wakamtwika mume. Wapo mafakihi wengine waliosema kupika ni wajibu wa mke kwa mujibu wa ada ya watu, nami sigombani nao. Lakini yule anayeona mkewe amefanya uvivu kwa kununua karoti iliyokatwa, na ajiulize kwanza gharama ya kusaga na kuoka ameilipa kwa nani.

Wala si jambo geni hilo la kununua kilichotayarishwa nusu. Nenda Tandika au Tandale asubuhi, utakuta nazi inakunwa kwa mashine na wewe unangojea, kisamvu kimekwisha twangwa, viungo vya pilau vimefungwa pamoja. Bibi zetu wangeshangaa, maana kwao mwanamke aliyeuza mbuzi yake ya kukunia nazi ni kama aliyeuza mlango wa nyumba. Sisi tumezoea, na mama wa kijana mwenyewe hununua kisamvu kilichotwangwa. Nilimuuliza mwanawe, akakiri. Basi tofauti ya kisamvu kile na kifurushi hiki ni ipi? Kwa upande wa kazi ya mikono, sioni tofauti kubwa.

Tofauti niliiona mahali pengine, katika yale maneno yaliyoandikwa juu ya mfuko.

Vifurushi vya namna hii vilianza kuenea Sweden karibu na mwaka 2007, kisha Ujerumani, ambako kampuni ya HelloFresh ilianzishwa Berlin mwaka 2011, na Marekani mwaka uliofuata. Mtu hulipa kwa wiki, sanduku likafika mlangoni, kila kitu kimepimwa kwa gramu: nusu kitunguu kwa anayehitaji nusu, kijiko cha siki kwa anayehitaji kijiko. Makusudio yake yana hekima, maana kisichonunuliwa kwa ziada hakiozi, na kuepuka kutupa chakula ni katika dini yetu. Kwa wenzetu huko, watu wawili ndani ya nyumba yao wenyewe, na mgeni haji bila kupiga simu, kipimo kile kinawatosha. Hata hivyo wengi hujaribu kwa bei ya punguzo ya mwanzo, kisha huacha.

Sasa kilete kipimo hicho Mbagala. Nyumba zetu hazina idadi. Shemeji amekuja kutoka Kilwa kutafuta kazi, mtoto wa jirani amechelewa kuchukuliwa, fundi amemaliza kazi wakati sahani zinatengwa. Mpishi wa pwani hakuhesabu vichwa, alikadiria sufuria, na katika makadirio yake mlikuwamo mtu asiyejulikana bado. Mtume alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Mchuzi wa sufuria unazidishika. Vipande vinne vya kuku vilivyopimwa kwa watu wanne, mgeni wa tano akibisha hodi, humfanya mwenye nyumba atazame mlango kwa jicho jingine. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi, na karatasi ya ukutani hainishughulishi.

Na hebu tujiulize, zamani ladha mpya ilitoka wapi? Muhogo na mahindi tunayoyaita chakula cha asili asili yake ni Marekani, vililetwa huku na Wareno, na nyanya na pilipili vivyo hivyo. Biriani na chapati vimevuka bahari kutoka Bara Hindi. Hakuna chungu cha pwani ambacho hakikufundishwa na mgeni. Katika mitaa yetu njia ilikuwa sahani. Jirani alipika mbaazi za nazi akakuletea, wewe hukuirudisha sahani tupu, ukatia boko boko. Mtoto akala kwa jirani, akarudi akimwuliza mamake mbona sisi hatupiki hivi, na mama akaenda kuuliza. Leo Dar es Salaam mlango wa kulia ni wa Mhaya anayejua ndizi, wa kushoto ni wa Mnyamwezi, nyuma yako yuko Mmakonde. Elimu yote hiyo iko umbali wa ukuta mmoja wa matofali. Sisi tumepandisha ukuta huo, tumeweka chupa zilizovunjika juu yake, kisha tunaagiza ladha kwa bodaboda.

Simlaumu yule mke. Yeye anafika nyumbani usiku, majirani wamekwisha funga milango. Katika kutafuta kwake mna upendo. Aliyeambiwa maharage yamerudi angeweza kununa, naye akatafuta kuku.

Kwa upande wa biashara, machache tu. Bei ya kifurushi kile, kwa hesabu ya kijana, ingetosha kitoweo cha siku tatu kwa anayekwenda Tandika mwenyewe. Basi kwa mwenye uwezo, mara moja moja, si israfu. Kwa anayekopa ili aagize, ni israfu. Unaponunua usichokiona, muuzaji lazima akieleze kwa sifa zake na kipimo chake, na kikija na aibu una haki ya kukirudisha. Mtume alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, akamkana mwenye kudanganya. Mfuko uliofungwa ni kama chungu ile. Dada unayeuza vifurushi, na wengi wenu ni wajane mnaolea mayatima kwa kazi hiyo, weka chini kile unachoweka juu. Nanyi wanunuzi, vile vya mapishi ya kigeni someni maandishi ya chupa kabla hamjamimina, maana baadhi ya sosi hutiwa mvinyo wa kupikia. Na kuku aliyekwisha katwa, uliza amechinjwa na nani.

Kijana nilimpa jibu kwamba mkewe hana kosa, na mamake ana nusu ya haki ambayo hakujua kuieleza. Nikamwambia pia aingie jikoni. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na karatasi ile imeandikwa kwa Kiswahili, hata mwanamume wa bandarini ataisoma.

Ijumaa moja baadaye walinialika. Kifurushi kilikuwa cha watu wanne kama desturi, nasi tulikuwa saba, maana nilikwenda na mjukuu, na fundi wa choo alikuwapo. Kijana ndiye aliyekaanga vitunguu, na aliviunguza kidogo. Nilipofunua sahani nikakuta ndani ya mchuzi wa kuku mna vipande vingi vya muhogo ambavyo havikutajwa katika karatasi. Mama mtu alikuwa amevimenya tangu asubuhi bila kuambiwa na mtu, na alipoona namtazama akamgeukia mkwewe akasema, "Mwongeze Sheikh, chakula kipo."