Sifuri Iliyokata Uzi

Uzi wa kwanza ulikatika baada ya sala ya isha. Wa pili, ambao ulikuwa wa akiba, haukuchukua hata robo saa. Binti aliyekuwa akiukaza alikuwa peke yake chumbani, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mapajani, karatasi mbele yake. Karatasi ilisema kundi lile la nyuzi za chini litoe sauti ileile ya msingi. Sikio lilimwambia kuwa uzi umeelemewa. Aliiamini karatasi.

Karatasi hiyo ilitoka kwa kijana aliyeipenda taarabu kwa dhati, mjuzi wa kompyuta, ambaye mjomba wake ni mpiga kanuni. Majina yao nayaacha, kwani kosa hili laweza kumpata yeyote anayepima na kuhesabu. Kijana alitaka wanafunzi walio mbali na mwalimu wapate pa kuanzia. Alichukua simu yenye programu ya kupima sauti, akapiga kundi moja baada ya jingine la nyuzi za kanuni ya mjomba, akaandika mitetemo ya kila moja kwa sekunde. Kanuni huwa na nyuzi tatu kwa kila sauti, na jumla yake hupita sabini. Siku ile baadhi ya makundi yalikuwa matupu, nyuzi zimekatika na mpya hazijapatikana. Penye pengo aliandika 0.

Sauti mbili hulinganishwa kwa kugawanya, si kwa kutoa. Mitetemo 396 kwa 264 ni 3/2. 352 kwa 264 ni 4/3. 528 kwa 264 ni 2/1, yaani oktava nzima. Ili umbali huo uweze kujumlishwa kirahisi, wanamuziki huugeuza kwa logarithimu kuwa senti, na oktava moja ni senti 1,200. Katika ngazi hiyo 1/1, sauti na mwenziwe walio sawa, ni senti 0. Hapo ndipo mtego ulipo. Sifuri ya senti ni umbali halali kabisa, na nyuzi tatu za kundi moja la kanuni huishi juu yake. Sifuri ya mitetemo ni jambo jingine. Gawanya 264 kwa mbili upate 132, umeshuka senti 1,200. Gawanya tena upate 66, kisha 33. Shuka hivyo mpaka alfajiri, hutaikuta sifuri, kwa sababu ngazi hii haina kidato cha mwisho. Ndiyo maana logarithimu ya sifuri haipo.

Kijana alikuwa na safu ya kuhesabu senti za kila kundi kutoka sauti ya msingi, 264, na pia safu ya kulinganisha kila kundi na jirani yake. Palipokutana makundi mawili matupu ikatokea 0/0, nayo ina ugonjwa wake: sifuri mara namba yoyote ni sifuri, hivyo 0/0 inapokea 3/2, inapokea 7/4, inapokea chochote utakachoipa.

Kompyuta ilikataa. Visanduku vilijaa alama za kosa, na kwa kufanya hivyo mashine ilisema kweli: hapa sijui. Kijana aliona jedwali limechafuka. Akaongeza amri moja fupi, kwamba kila penye kosa paandikwe 0, na jedwali likapendeza. Mimi kosa zima naliona hapa. Kutojua hakukuwa kosa, wala kugawanya. Kosa ni kule kufuta alama iliyokuwa ikimwonya. Maana safu ile ya kwanza ilikuwa ya senti, na katika safu ya senti 0 haisomeki “hakuna uzi”. Inasomeka “sawa na msingi”.

Basi kundi lililopaswa kutoa mitetemo 132 likaagizwa litoe 264. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alionyesha katika karne ya 16 kwamba kuupandisha uzi oktava moja kwa kuukaza kunataka mkazo mara nne, wala si mara mbili kama watu walivyokuwa wakikariri tangu zama za hadithi ya nyundo za Pythagoras. Uzi wa binti yule haukuwa na nguvu ya kubeba hayo.

Mjomba alipoletewa habari hakugomba. Alimwita mpwa wake, akapiga nyuzi tatu za kundi moja pamoja.

“Hii ni nini, mwanangu?”

“Sauti moja, mjomba. Moja kwa moja.”

Akazifunika kwa kiganja. “Na hii?”

“Kimya.”

“Sasa mbona kwenye karatasi umevipa jina moja?”

Kijana hakuwa na jibu. Mzee aliendelea kusoma, akasimama kwenye safu ya mwisho. Humo kila kipimo kilisogezwa kwenye mia iliyo karibu ili kilingane na kinanda cha umeme. Hatua ya 9/8, senti 204, na ya 10/9, senti 182, zote zikawa 200. Tofauti yao, 81/80, ikamezwa. Hilo vinanda hufanya kila siku kwa makusudi, na anayejua alichokitoa simlaumu. Lakini Rasti, mpangilio mmojawapo wa sauti katika muziki wa Kiarabu, ina sauti ya tatu inayokaa kati ya senti 300 na 400. Mwanazuoni Al-Farabi aliiandika 27/22 na kuihusisha na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad. Ni senti 355. Jirani yake, 11/9, ni senti 347. Kanuni ya mzee ilikuwa imepimwa 355 kwenye kundi moja na 347 kwenye kundi la oktava ya juu yake, ukiacha oktava yenyewe, tofauti ya senti 8 tu. Jedwali liliipeleka moja 400 na nyingine 300. Senti 22 zimekuwa sifuri, senti 8 zimekuwa mia.

“Rasti yangu iko wapi humu?” aliuliza mzee.

Kijana alirudi kupima upya baada ya nyuzi kununuliwa. Karatasi ya pili haina safu ya mia. Kundi lile la chini limeandikwa senti −1,200, na makundi mawili ambayo nyuzi zake bado hazijapatikana yameandikwa kwa wino mwekundu: hayajapimwa.