Mtumishi wa Meza na Dhamiri Yake

Si kila kijana atokaye kijijini kwenda Kolwezi huingia machimboni. Mmoja huchimba shaba, mwingine humpikia yule achimbaye. Wengine hufanya kazi katika kantini za makampuni, wengine katika nyumba za kulia chakula za Manika na Dilala. Tena, katika miji mikubwa ya dunia, kampuni moja yaweza kuwa na nyumba za kulia mia na zaidi: chakula kile kile, vazi la watumishi lile lile, na sheria zatoka mbali. Tujiulize basi: mtu aliyeajiriwa kufuata sheria ya mwingine, toka kunawa mikono hata kupima chumvi, je, yu mtu huru bado?

Wako wanaojibu upesi: “Huyo ni mtumwa.” Sivyo. Kazi hiyo ina mema yake. Mshahara una siku yake. Kijana hujifunza usafi, kuamka mapema na kuwavumilia watu. Mama akikosea jikoni kwake, wataugua watu sita. Mpishi wa kantini asiponawa mikono, waweza kuugua mia mbili. Hao hawamjui, nao wamemwamini. Kwa hiyo anayeshika sheria ya usafi hata kapita asipokuwapo, hamwogopi kapita. Awapenda watu wasiomwona. Huo ni uhuru.

Lakini machungu yapo pia. Miguu huvimba kwa kusimama. Mlaji mwenye kiburi humwita mtumishi kwa mluzi. Mtumishi hugawa nyama mchana kutwa, na jioni hurudi kwake kula bukari na sombe. Tena hulaumiwa kwa mambo asiyoyaamua. Mwezi wa Januari 2022, nyumba za KFC nchini Kenya zilikosa viazi vya kukaanga, kwa kuwa viazi vyao vilitoka ng’ambo na meli zilichelewa. Na huku wakulima wa Kenya walima viazi. Watu wengi walikasirika. Lakini aliyesimama mezani hakuiweka sheria ile, wala hakuweza kuibadili.

Hapa yatupasa kupambanua. Mtu hana hatia kwa sheria asiyoiweka. Ana hatia kwa ubaya autendao kwa mkono wake mwenyewe.

Akiamriwa kupakua nyama iliyooza, afanyeje? Akatae. Amri ya bwana haigeuzi sumu kuwa chakula.

Na mabaki yakitupwa, hali watoto wake hawashibi, ayafiche nguoni? Mtu aliye karibu kufa kwa njaa akitwaa chakula si mwizi. Ndivyo Kanisa lilivyofundisha tangu zamani. Asiyefikia hapo aombe ruhusa waziwazi, maana chakula kilichokaa saa nyingi bila moto huweza kudhuru, na katazo lina sababu. Lakini chakula kizuri kikitupwa mbele ya wenye njaa, kosa ni la mwenye nyumba kwanza. Mwaka 2016 Ufaransa ilitunga sheria ya kuyakataza maduka makubwa kuharibu chakula kifaacho kisichouzwa. Kumbe yawezekana.

Bwana naye ana wajibu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yaweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mshahara usipungue mahitaji ya mfanyakazi mwenye kiasi. Anayedai hayo kwa adabu si mkaidi. Adai kilicho chake.

Nasi tulao, tusijitoe katika hesabu hii. Yule aletaye sahani ni mtoto wa mtu. Tumwite kwa heshima, “mama”, “ndugu”, tumshukuru, wala tusimtwike kosa la mkubwa wake. Na wewe kijana uendaye mjini, mpe bwana wako kazi ya mikono yako kwa uaminifu. Dhamiri yako usimwuzie.